Wikendi ya mazingira pembeni ya Mabira: nenda kwa ajili ya jikoni, hotuba zivumilie tu

Kwa wale mnaoniuliza kama ile kambi ya wikendi ya mazingira huko kwenye msitu wa Mabira, Uganda, inafaa hela yake, jibu langu ni ndio, lakini si kwa zile sababu walizoandika kwenye posta yao ya tangazo. Posta inasema utaungana na asili na utatoka balozi wa tabianchi, mimi sijaungana na kitu, mbu ndio waliungana na mimi, ila nimerudi najua kupika maharage kwa makaa kidogo sana na najua kwa nini choo chao hakinuki, na hayo mawili tu yanatosha nisilie juu ya shilingi laki tatu na nusu za Uganda. Jina la kambi silitaji kwa sababu nina malalamiko pia na wenyewe ni wadogo bado wanajikongoja, lakini mtu anayeijua njia ya Jinja akiuliza uliza pale stejini, kwenye kituo cha teksi, atafikishwa.

Kufika kwanza. Ukitoka Kampala chukua teksi za Jinja, yaani matatu, ni kama kilomita hamsini na kitu, lakini usijaribu Ijumaa jioni, jam ya Kireka na Bweyogerere mpaka Mukono itakumaliza nguvu hujaona hata mti mmoja. Toka Jumamosi alfajiri. Ukipita Lugazi utaona miwa miwa miwa mpaka uchoke, halafu ghafla msitu unaanza pande zote mbili za barabara na baridi inaingia dirishani. Shuka Najjembe, pale vijana wanapokimbilia magari na kuku wa kwenye kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, na nakushauri ule hapo hapo ushibe kwa sababu kambini chai ya kukaribisha wageni ni chai kweli, yaani chai na kipande cha muhogo basi. Kutoka pale ni boda. Ndugu zetu wa Nairobi, nyie mna bahati, basi likiingia na Busia au Malaba linapita barabara hii hii, mwambie kondakta mapema akushushe Najjembe, si uende mpaka Kampala halafu ulipe tena kurudi nyuma.

Sasa Jumamosi asubuhi wanakupeleka msituni na mzee mmoja wa kijiji ambaye ndiye muongozaji. Huyu mzee peke yake nampa nyota tano. Hana maikrofoni hana fulana ya mradi, ana panga na gamubuti, na anaujua huo msitu kuliko hao walioandika posta. Mabira ni kama kilomita za mraba mia tatu, ni hifadhi tangu enzi za wakoloni, na mnakumbuka mwaka 2007 serikali ilitaka kukata hekta 7,100 hivi, karibu robo nzima, iwape watu wa sukari walime miwa. Watu waliandamana Kampala, ikageuka fujo, wengine wakafa, na mpango ukarudishwa kabatini. Sisi tulisikia kwenye redio tu, mzee anakusimulia akiwa amesimama kwenye mti ambao ungekuwa miwa leo, na hasemi kwa majigambo, anasema tu "hapa wangekata, na pale wangekata". Akatuonyesha kima mkia mwekundu wakiruka juu kule, halafu tukabahatika kuwasikia mangabei, wale weusi wenye manyoya mazito shingoni, sauti yao ni ka-kicheko fulani cha ajabu, kuwaona vizuri hatukuwaona kwa sababu kuna dada mmoja alikuwa anapiga simu muda wote. Dada, kama unasoma hii, msitu mzima umejua harusi ya binamu yako ni Desemba.

Kitu ambacho sikukitarajia ni pale mzee alipotuonyesha sehemu iko kijani vizuri kabisa, sisi tukaanza kupiga picha, yeye akacheka. Akasema hapa pamekufa. Ule ni mforsadi wa karatasi, mti wa kigeni uliletwa zamani kwa matumaini ya kutengeneza karatasi, ukakimbia wenyewe, popote msitu ulipokatwa unaota haraka unafunika kila kitu na miti ya kienyeji haipati nafasi. Kwa hiyo ukijani si lazima iwe uzima. Hiyo nusu saa ilinifundisha kuliko hotuba zote za jioni, na nitazifikia hizo hotuba subirini.

Jikoni ndipo penyewe. Ukiona kwenye ratiba wameandika "kipindi cha mapishi endelevu" usije ukatoroka kwenda kulala. Mpishi ni mama mmoja mtu mzima, alikulia kwenye laini za wafanyakazi wa mashamba ya miwa ndio maana Kiswahili anakipiga bila breki, sote tulimwita Mama na yeye akatuita wanangu hata wale wenye mvi. Kijana mmoja mwenye miwani akaanza ile nyimbo yetu ya siku zote kwamba wazee wetu walikuwa wanaishi vizuri na mazingira, matoke (ndizi za kupika) kwenye majani ya mgomba, hakuna plastiki, hakuna taka, turudi kwa mila. Mama akamwangalia. "Mwanangu, umewahi kuivisha matoke wewe? Au unakuta tu yako mezani?" Halafu akaeleza kwamba matoke ya kweli, yale ya kufunga kwenye majani na kuweka makuti ya mgomba chini ya sufuria yasiguse maji, yanakaa motoni asubuhi nzima, yakishaiva yanapondwa yanarudishwa tena yalainike, na ule moto wote unatoka wapi? Majani ni mazuri ndio, lakini kuni zinaisha. Mila ilikuwa sawa wakati watu ni wachache na kuni ziko nyuma ya nyumba. Kijana wa miwani hakuongea tena mpaka chakula cha mchana.

Suluhisho lake ni kapu. Kapu la kawaida la kusuka, kubwa, ndani limeshonewa kitambaa na katikati ya kitambaa na kapu pamejazwa makapi ya mgomba makavu au vipande vya sponji, halafu kuna mto wake wa kufunikia juu. Maharage unayaloweka usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unayachemsha kwa maji mapya kwenye sigiri, jiko la makaa, yachemke kweli kweli kama nusu saa, hapo Mama alikuwa mkali, maharage hasa yale mekundu lazima yachemke kwa nguvu kwanza, si uyapashe moto tu halafu utumbukize kwenye kapu uharishe watu. Kisha sufuria na mfuniko wake inaingia kapuni, unafunika na mto, unaenda zako kazini. Joto halina pa kutokea kwa hiyo linaendelea kupika. Tulifungua baada ya kurudi msituni tukakuta yameiva, laini, supu nzito, na yalikuwa bado yanatoa mvuke mpaka mtu akaungua ulimi. Akaweka karanga za kusaga, mboga ya nakati pembeni, posho (ugali), jamani. Mchele ndio rahisi zaidi, ukichemka dakika chache tu unaingiza. Matoke yanahitaji ujanja kidogo, yachemke muda mrefu zaidi kwanza ndio yaingie, na Mama mwenyewe anakubali hayatoki sawasawa na ya motoni.

Sasa piga hesabu yako wewe mwenyewe. Gunia la makaa Kampala limepita laki, na tangu Mei 2023 rais alipopiga marufuku makaa ya biashara kutoka kaskazini ni stori kila siku huko mtaani. Na makaa yenyewe ni hasara tangu mwanzo, kwenye tanuri la udongo kilo kumi za kuni zinakupa kilo moja au mbili za makaa hivi, zingine zimeenda moshi. Kwa hiyo mtu akipunguza makaa ya maharage nyumbani kwake, huko mbali kuna mti umepumua. Hiyo ndio tabianchi ninayoielewa mimi. Nyumba kibao Uganda bado zinapikia kuni na makaa, kwa hiyo kama unataka kuongea mambo ya hali ya hewa na raia wa kawaida, anzia kwenye sufuria.

Kuna pia somo la briketi, yaani makaa ya kufinyanga kwa taka. Maganda ya matoke na muhogo yanakaushwa, yanachomwa kwenye pipa lenye hewa kidogo mpaka yawe meusi bila kuwa majivu, yanasagwa, yanachanganywa na uji wa muhogo au udongo kidogo ili yashikane, unafinyanga, unaanika. Tulichafuka mpaka masikioni. Hapa sitawadanganya, briketi zetu ni bure kabisa, zilikuwa hazijakauka mvua ikapiga, na hata zile nzuri walizokuwa nazo tayari zinachelewa kuwaka na zinaacha majivu mengi, ila zikishika zinakaa muda mrefu na moshi wake ni mdogo. Msimamizi akaunganisha na Kiteezi, ule mlima wa taka wa Kampala ulioporomoka tarehe 10 Agosti 2024 ukaua watu zaidi ya thelathini, na sehemu kubwa ya taka zetu za Kampala ni maganda tu na mabaki ya chakula, yaani vitu ambavyo vingeweza kuwa mbolea au moto. Pale watu walinyamaza. Mmoja wetu anakaa upande ule.

Choo. Najua hamtaki kusoma lakini mtasoma. Ni choo cha juu, unapanda ngazi, tundu la mbele la mkojo na la nyuma la ile kazi nyingine, vitu viwili visikutane kabisa kwa sababu vikikutana ndio harufu na nzi. Ukimaliza unamwaga majivu, si maji. Chini kuna vyumba viwili, kimoja kikijaa kinafungwa miezi mingi kikauke mpaka wadudu wa magonjwa wafe, cha pili kinatumika. Mkojo unaenda kwenye mtungi, unachanganywa na maji mengi, unaenda kwenye mahindi na migomba. Nilikaa na wasiwasi siku ya kwanza, siku ya pili nikawa naelekeza wageni wengine. Shida ni moja tu, ngazi haina taa, na usiku mama wa miaka sitini hapandi pale bila kushikwa mkono. Wekeni taa ya sola jamani, mnahubiri sola kutwa nzima.

Na hapo hapo kwenye sola, malalamiko yangu yanaanza. Usiku wa Jumamosi projekta ya hotuba ilikuwa inaendeshwa na jenereta. Ya dizeli. Inanguruma nyuma ya banda huku tunaonyeshwa slaidi ya moshi wa viwanda. Sawa, betri ilikuwa imeisha kwa sababu mchana kulikuwa na mawingu, nimeelewa, lakini basi zima projekta utuambie kwa mdomo, sote tuna masikio. Maji ya kunywa nayo yalikuwa ya chupa za plastiki, katoni kwa katoni, wakati wana tangi kubwa la maji ya mvua na kuni za kuchemshia maji ya kuoga.

Hotuba yenyewe sasa. Jamaa alikuja kutoka mjini, msomi, mtu mzuri, lakini slaidi zake zilikuwa za visiwa vya Pasifiki na mabarafu ya ncha za dunia. Nusu ya waliokaa pale ni watu wa Jinja! Mimi nimekulia Walukuba, mtaa wa Jinja. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavunja rekodi iliyokaa tangu 1964, Masese watu walikuwa wanaingia nyumbani na mtumbwi, na mwezi mmoja kabla yake kisiwa cha majani kilielea kikaziba mitambo ya bwawa la umeme la Nalubaale nchi nzima ikaingia giza. Hiyo hukuiona mpaka uende Pasifiki? Kasese mto Nyamwamba umefagia watu 2013 ukarudi tena 2020. Bududa udongo unashuka, Bulambuli Novemba 2024 ukashuka tena. Alipofika kwenye barafu ya Rwenzori ndio akaamsha watu kidogo, kwamba mwaka 1906 ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba sita na sasa haifiki hata moja. Angeanzia hapo angetupata.

Halafu maswali. Mzee mmoja aliyestaafu jeshi akauliza, ssebo (bwana), umeme wetu karibu wote ni wa maji, Bujagali tunayo, Isimba, Karuma megawati 600 imezinduliwa 2024, mbona bado tunapikia makaa? Swali zuri sana hilo na lina majibu, kuna bei ya umeme wa kupikia tangu 2022, ukivuka uniti 80 kwa mwezi bei ya uniti inashuka mpaka ufike 150, lakini mtu wa chumba kimoja hafiki hata hizo 80 kwa hiyo nafuu yenyewe haimgusi, na sufuria ya umeme inauzwa bei gani. Msomi akasema ni suala pana. Dada mwingine akauliza kuhusu bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga ambalo lazima lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta yetu yana nta yanaganda. Vijana wameshikwa na polisi Kampala kwa kuandamana juu ya hilo bomba. Msomi akasema hiyo tutaongea wakati wa chai. Chai ikaja, yeye akawa ameenda kutafuta mtandao. Sikiliza, mimi sikatai kwamba watu wana mawazo tofauti, kuna wanaosema Ulaya walichoma yao mpaka wakatajirika sasa wanatukataza sisi, na hiyo hoja ina uzito, lakini kambi ikijiita ya "kuchukua hatua juu ya tabianchi" halafu ikaogopa kutaja bomba, hatua ipi sasa unachukua? Kupiga selfi na mche?

Usiku ule ule pale kwenye moto (kuni kavu za kuokota, mzee alihakikisha) mwanafunzi mmoja wa sheria ndiye aliyetuokoa. Akatuambia Uganda ina Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021, na ndani yake mwananchi yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu kushtaki serikali, kampuni au mtu binafsi kama anachofanya kinahatarisha juhudi za tabianchi. Yeyote. Tulikaa tukibishana mpaka moto ukawa makaa, nani ana hela ya wakili, kesi itachukua miaka mingapi, mashahidi watatoka wapi, na yule mzee wa jeshi akasema angalau mlango upo. Kambi nzima hakuna kipindi kilichochangamka vile na hakikuwa hata kwenye ratiba. Ushauri wangu kwa wenye kambi, mlipeni yule binti nauli na chakula aje kila wikendi.

Jumapili ni kupanda miti. Kila mtu anajua hiki kipindi, ni cha picha. Tulivyoenda msimu wa mvua ulikuwa umeshaanza kwa hiyo miche ina nafasi ya kupona, na miti yenyewe wamechagua vizuri, musizi, mvule, mituba ile inayotolewa gome la kutengenezea nguo ya lubugo, si kalitunsi (mikaratusi) wala pine kama wengine wanavyofanya halafu wanaita msitu. Hapo nawapongeza kabisa. Lakini miche iko kwenye vikaveera vyeusi, vile vifuko vya plastiki, na tulipomaliza vikaveera vimetapakaa kila mahali, upepo umevibeba mpaka kwenye migomba ya jirani. Mimi na mzee muongozaji ndio tuliviokota, wengine walikuwa wanaweka fremu na hashitegi. Na hakuna aliyetuambia nani atapalilia. Nilimuuliza mzee pembeni, mzee wangu, ile miche ya mwaka jana iko wapi? Akanionyesha, mingine imepita kimo changu, mingine mbuzi wamefanya yao. Anasema ile iliyopona ni iliyo karibu na nyumba za watu waliolipwa kidogo kuitunza. Basi weka hiyo kwenye posta, lipia mche na mtunzaji wake mwaka mzima, mimi nitatoa.

Malazi ni mabanda ya nyasi, vitanda safi, neti hazina matundu (nilikagua), maji ya moto ya ndoo asubuhi ukiamka mapema. Mtandao hamna, chaji ya simu inapatikana mezani kwa zamu na watu wanagombana. Watoto wanaweza kuja, watapenda msitu na ng'ombe wa biogesi, yule ambaye kinyesi chake kinachanganywa na maji kinaingia kwenye shimo lililozibwa, gesi inatoka inachemsha chai ya watu wote, na tope linalobaki linaenda shambani. Watoto wawili wa dada yangu waligombania kukoroga kinyesi. Nyumbani kufagia wanakataa.

Bei, laki tatu na nusu mtu mzima, chakula na banda ndani, nauli juu yako, watoto nusu. Wanafunzi waombe kupunguziwa, wanapunguza, mwanafunzi wa sheria alilipa laki mbili. Kapu la kupikia pale wanauza elfu themanini na wageni wa kizungu wananunua bila kuuliza. Usinunue. Mama mwenyewe alinivuta pembeni akaniambia nenda kanunue kapu sokoni, omba vipande vya sponji kwa mafundi makochi, mtafute fundi cherehani. Mimi nimetengenezewa Walukuba, kapu, kitambaa na ufundi vyote havikufika elfu thelathini na tano, na fundi ameshapata oda nyingine kutoka kwa jirani zangu, anayetaka amfuate pale pale asubuhi, mchana anafunga anaenda kuswali halafu harudi mapema.